Nani Alikula Mche? Kulinda Miti Michanga Kando ya Misitu ya Nakuru na Magharibi ya Kenya

Katika vijiji vinavyopakana na misitu ya Mau, Menengai na Eburru, kisa hiki hujirudia kila baada ya upanzi. Mkulima hupanda miche yake mvua za Aprili zinapokolea, huitazama ikishika udongo na kutoa majani mapya, kisha asubuhi moja mwezi wa Januari huikuta imekatwa vilele mstari mzima. Majirani wakiitwa kutazama, kila mmoja humtaja mnyama wake: huyu pongo, yule tumbili, wa tatu mbuzi wa nyumba ya pili. Kabla jua halijatua, mwenye shamba ameshaamua kununua seng'enge, na mara nyingi seng'enge hiyo haitamzuia hata mmoja kati ya hao watatu. Pongo hupenya chini ya waya wa kwanza, tumbili huupanda, na mbuzi hutafuta mahali nyaya zilipolegea.

Ugumu wa jambo hili hautokani na uhaba wa vifaa. Unatokana na kwamba kila kinga ya mche hutengenezwa dhidi ya mdomo fulani, unaofika urefu fulani, kwa wakati fulani wa mwaka, na mtu asiyejua ni mdomo upi uliomla mche hununua kinga kwa kubahatisha. Suala hili lina uzito zaidi sasa kwa kuwa serikali ilizindua mwishoni mwa mwaka wa 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatoa siku nzima ya mapumziko ili wananchi wapande. Miche inayoingia ardhini huhesabiwa siku hiyohiyo; inayovuka kiangazi cha kwanza ikiwa na kilele chake haina wa kuihesabu isipokuwa mwenye shamba.

Kuna mkanganyiko wa jina unaofaa kuondolewa mapema. Ushauri mwingi unaopatikana kwenye intaneti kuhusu kulinda miti michanga umeandikwa Ulaya na Marekani, na unamzungumzia mnyama ambaye vitabu vyetu vya shule humwita kulungu. Wanyama wa jamii hiyo hawana asili kusini mwa Sahara. Yule ambaye wengine wetu tunamwita kulungu, na wengine pongo, ni wa jamii moja na ng'ombe na mbuzi: pembe zake hazina matawi, na hazidondoki kila mwaka zikaota upya kama za wenzake wa Ulaya. Tofauti hii si ya kitaalamu tu. Kulungu dume wa Ulaya hujisugua kwenye miti michanga ili kutoa ngozi laini inayofunika pembe zinapokua, hivyo gome hubanduka kwa majira yanayotabirika. Pongo wetu hana ngozi hiyo ya kutoa; dume wake huvuruga vichaka kwa pembe ili kuweka alama ya uwepo wake, jambo linaloweza kutokea mwezi wowote. Hata hivyo, kuna kitu kimoja ambacho kulungu wa Ulaya, pongo, swala pala, funo, dikidiki, mbuzi na ng'ombe wote wanashiriki, nacho ndicho msingi wa kusoma jeraha la mche: wote hawana meno ya mbele katika taya la juu.

Mnyama asiye na meno hayo hawezi kukata kijiti kama mkasi. Hukibana kati ya meno ya chini na ufizi mgumu wa juu, kisha hukivuta, na kinapokatika huacha ncha iliyochanika yenye nyuzi. Sungura na panya wana meno makali juu na chini, kwa hiyo mkato wao ni safi, umeinama, na mtu asiyejua anaweza kuapa kwamba ulifanywa kwa kisu. Nilipopanda miparachichi yangu ya kwanza upande wa Njoro nilimlaumu pongo kwa miezi miwili, nikavuta nyaya tano za seng'enge kuzunguka shamba, na miche ikaendelea kukatwa kwa urefu wa goti, kila mkato ukiwa umeinama vizuri kama wa fundi. Mzee mmoja jirani alichukua kijiti kimoja, akakigeuzageuza, akaniuliza kama nimewahi kumwona pongo mwenye kisu. Ilikuwa sungura, na nyaya zangu zilikuwa zimempa nafasi ya kupita kichwa kikiwa juu. (Mnyama mkubwa mwenye mkato safi wa namna hiyo ni faru mweusi, anayekata matawi kwa meno ya nyuma, lakini wale wa Nakuru wako ndani ya hifadhi yenye ua, kwa hiyo mkulima anaweza kumwondoa kwenye orodha ya washukiwa.)

Urefu wa jeraha ndio ushahidi wa pili. Dikidiki ana urefu wa takriban sentimita 40 begani, na hata akinyoosha shingo hali juu sana ya kiuno cha mtu. Pongo na swala pala hufika kifuani. Mbuzi ndiye mdanganyifu, kwa kuwa husimama kwa miguu ya nyuma na kufika mahali ambapo mtu angemdhania pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala. Pofu mwenyewe huvunja tawi kwa pembe ili majani yashuke mdomoni, kwa hiyo tawi lililopindwa na kuning'inia huku majani ya ncha yakiwa yameliwa huelekeza kwake, hasa upande wa Soysambu na Naivasha, ambako wanyama wa mbuga bado hutembea katika ardhi ya watu binafsi.

Ukishatazama juu, tazama chini. Nungunungu hutafuna gome karibu na ardhi, huacha michirizi mipana ya meno kwenye mti wenyewe, na mara nyingi hudondosha mwiba mmoja au miwili kama mtu anayesahau kofia yake alikotembea. Dikidiki hurudi kwenye rundo lilelile la mavi siku baada ya siku, kwa hiyo rundo hilo likipatikana ukingoni mwa shamba hakuna haja ya kubishana. Mche unaonyauka ukiwa mzima, na ukiuvuta unatoka bila mizizi, umeliwa na fuko kutoka chini. Mche uliong'olewa na kutupwa kando bila kuliwa ni kazi ya tumbili au nyani, ambao huvuta kitu kipya ili kujua ni nini. Na kule Kisumu, kandokando ya ziwa karibu na Dunga, mche uliolazwa na kupondwa bila alama yoyote ya meno kwa kawaida umekanyagwa na kiboko aliyetoka majini usiku kwenda kula nyasi. Hakuwa na shida na mti, ulikuwa tu njiani mwake.

Kujua mnyama hakutoshi bila kujua ni sehemu gani ya mti iliyoumizwa, kwa maana miti haifi kwa namna moja. Kilele kikiliwa, mti kwa kawaida haufi. Kilele ndicho kinachozuia machipukizi ya pembeni yasishindane nacho, na kikiondoka, mawili au matatu huinuka kwa pamoja, mti ukawa na mashina mengi mafupi. Kwa mtu anayetaka kuni au majani ya mifugo hiyo si hasara kubwa. Kwa mtu aliyepanda mtarakwa ili auze mbao, mti wenye shina lililogawanyika kwenye kimo cha magoti umepoteza sehemu kubwa ya thamani yake, hata kama utaishi miaka 30. Mkaratusi na lusiola, ambao Waluo huuita siala, huchipuka tena vikikatwa hadi chini. Misonobari na mitarakwa ikikatwa chini ya jani la mwisho haina namna ya kurudi.

Mparachichi una mtego wake, nao huwanasa watu wengi kwa sababu haujionyeshi haraka. Miche mingi inayouzwa ni ile iliyoungwa: kikonyo cha aina ya Hass au Fuerte juu, na mparachichi wa kienyeji chini. Mnyama akila juu ya kiungo, mti utachipuka na kubaki ule ulioununua. Akila chini ya kiungo, mti pia utachipuka, na pengine kwa nguvu zaidi, lakini kinachochipuka ni ule wa kienyeji. Mkulima hufurahi kwamba mche umepona, huumwagilia maji na samadi kwa miaka kadhaa, na siku ya kuuza anakuta mnunuzi hautaki. Kwa hiyo katika shamba la miparachichi, urefu ambao hauruhusiwi kuguswa na mdomo wowote ni ule wa chini kabisa, na mche uliokatwa chini ya kiungo ung'olewe siku hiyohiyo.

Gome ni jambo jingine. Chini ya gome kuna mirija inayoshusha chakula kutoka kwenye majani hadi kwenye mizizi, pamoja na utando hai unaonenepesha shina. Gome likibanduliwa upande mmoja, mti huweza kuziba jeraha polepole. Likibanduliwa mzunguko mzima, hata kwa upana wa vidole viwili, mizizi hukosa chakula, na mti hufa kuanzia chini huku majani yakiendelea kuonekana mabichi kwa wiki nyingi. Katika mashamba ya mitarakwa na misonobari ya nyanda za juu, kima na nyani wana sifa hii mbaya ya kubandua gome ili kulamba utomvu ulio chini yake, na hawaishii kwenye mti mdogo. Hupenda zaidi uliokwisha kupata unene. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, twiga waliohamishiwa huko mwaka wa 1977 wameibandua migunga ya njano kwa namna hiyohiyo. Mnyama anayefungiwa na ua hula kilichomo ndani ya ua.

Wakati ndio unaowadanganya wengi. Mche hupandwa wakati wa mvua, na wakati huo nyasi ni nyingi, majani ya porini ni laini, na wanyama hawana sababu ya kutoka msituni. Mkulima hupita miezi sita bila kuona hasara na kuhitimisha kwamba shamba lake liko salama. Kiangazi cha Januari hadi Machi kinapoingia, nyasi hukauka, na kitu pekee kibichi kinachoonekana ni miche aliyokuwa akiimwagilia. Isitoshe, mche uliotoka kitaluni umelishwa mbolea, majani yake yana naitrojeni nyingi kuliko ya mti uliojiotea, na wanyama walao majani hutambua tofauti hiyo. Ndiyo maana mti uliojiotea mpakani huachwa na ule uliopandwa huliwa, jambo ambalo wakulima hulieleza kama kijicho cha wanyama. Kinga basi ipangwe kwa ajili ya kiangazi cha kwanza, na iwe imesimama kabla ya Desemba.

Hapo ndipo swali la gharama linapoingia, nalo lina hesabu ambayo watu wachache huifanya kabla ya kwenda dukani. Uamuzi ni kati ya kuzungushia shamba zima ua mmoja na kukinga kila mche peke yake. Chukua ekari moja yenye umbo la mraba. Mzunguko wake ni takriban mita 254. Ukipanda miti ya mbao kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, inaingia miti 450 hivi. Kinga ya mviringo ya waya wa kuku, yenye upana wa sentimita 60, hula karibu mita mbili za waya kwa kila mche ukihesabu na pale panapopishana, yaani mita 900 kwa shamba zima. Ua wa kuzunguka ni nafuu zaidi, hata ukijengwa kwenda juu zaidi kuliko kinga za mche. Sasa chukua ekari hiyohiyo na upande miparachichi kwa nafasi ya mita saba. Miti inakuwa 82 hivi, waya unakuwa mita 164, na kinga ya mche mmojammoja inashinda. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, yenye mzunguko wa futi 300, mtu mwenye miti kumi hana sababu yoyote ya kufikiria ua kwa ajili ya miti hiyo peke yake.

Hesabu hiyo ina upande wa pili unaowahusu majirani. Ekari kumi zikiwekwa pamoja zina mzunguko wa mita 805 hivi: miti imeongezeka mara kumi, lakini ua umeongezeka mara tatu na kidogo tu. Familia tano au sita zinazopakana na msitu zikijenga ua mmoja upande wa msituni, kila moja hulipa sehemu ndogo ya kile ambacho ingelipa peke yake. Ugumu wake ni kwamba ua huo huwa salama kiasi cha mahali pake palipo dhaifu zaidi, na aliyeacha lango wazi usiku mmoja amewafungulia wote. Kinga za mche mmojammoja hazina kasoro hiyo. Moja ikianguka, mche mmoja hupotea na mingine hubaki.

Ukichagua kinga ya mche, kipimo ni kile cha mdomo. Katika Uingereza, ambako mirija ya plastiki ya kukinga miti ilianza kutumiwa mwaka wa 1979 kutokana na majaribio ya Graham Tuley, watu wamefikia viwango vinavyofahamika: sentimita 60 hadi 75 kwa sungura, mita 1.2 kwa kulungu wadogo, na hadi mita 1.8 kwa kulungu wakubwa. Viwango hivyo vya urefu vinaweza kuazimwa hapa bila hatari, sungura akiwa sungura, funo na dikidiki wakichukua nafasi ya kulungu wadogo, na pongo na swala pala wakihitaji kitu kinachokaribia mita moja na nusu. Mirija yenyewe ndiyo isiyoazimika kirahisi. Kule, jua ni hafifu na joto linalonaswa ndani ya mrija huharakisha ukuaji. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na jua lake la Februari ni kali. Kisumu iko chini zaidi na joto lake halina mapumziko. Mrija uliozibwa pande zote huweza kuunguza majani, na mche unaosalimika hukua mrefu na mwembamba, usioweza kusimama mrija ukiondolewa. Aliye nao autoboe matundu ya hewa upande usioelekea jua la mchana. Wanaokata chupa za maji na kuzivika miche wakumbuke kwamba plastiki za kutumika mara moja zilipigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi, misitu ikiwemo, kuanzia tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo upanzi wa kujitolea ndani ya msitu wa serikali si mahali pa chupa hizo.

Waya wa kuku hupitisha hewa, lakini una makosa yake. Ukikaa karibu sana na majani, mnyama hula kila kinachochomoza kwenye matundu na kuupinda mche kuelekea nje. Ukifungwa kwenye kigingi kimoja, ng'ombe au pundamilia anayejikuna huung'oa kwa mara ya kwanza. Vigingi viwe viwili angalau, vitatu mahali penye wanyama wakubwa, na ukingo wa chini uzikwe kidogo au ubanwe kwa mawe ili sungura asipite kichwa chini.

Asiye na pesa za waya ana miiba. Matawi makavu ya mgunga yakipangwa kuzunguka mche, ncha zikielekea nje, huzuia mbuzi, pongo na hata ng'ombe, na hudumu takriban mwaka mmoja kabla ya mchwa kuyamaliza. Ni kinga ya bure iliyojengwa kwa maarifa ya wafugaji waliozungushia mazizi yao miiba vizazi kwa vizazi, na sijaona sababu ya kuidharau kwa kuwa haina risiti. Ua hai wa kayaba nao ni mzuri kuliko seng'enge nyingi, kwa sharti kwamba upandwe mapema, kwa sababu huchukua miaka kadhaa kufungana, na katika miaka hiyo kayaba yenyewe ni mche unaohitaji kulindwa.

Palizi huleta mgongano ambao haujatatuliwa na mtu yeyote kwa kanuni moja. Nyasi ndefu zinazouzunguka mche hunyang'anya maji na huwapa panya maficho ya kutafuna gome bila kuonwa na kipanga. Nyasi hizohizo huuficha mche usionekane na pongo anayepita. Ukipalilia shamba zima likawa jeupe, miche husimama kama mishumaa mezani. Njia ninayoiona ya busara ni kusafisha duara la nusu mita kila upande wa mche na kuacha magugu mafupi kati ya mistari, huku vichaka vya miiba vilivyokuwepo vikiachwa mahali vilipo. Kwenye kingo za Msitu wa Kakamega miti mingi ya asili huanza maisha ndani ya vichaka vya namna hiyo, na hutoka juu yake ikiwa tayari imepita kimo cha midomo.

Harufu huaminiwa kupita kiasi. Maji ya samadi mbichi yakipakwa kwenye majani humfanya mbuzi ageuze uso, na hata pongo husita, lakini mvua moja huyaosha, na majani mapya yanayotoka baada ya kupaka hayana kitu. Kwa kuwa hatari kubwa ni kiangazi, upakaji wa kila wiki mbili wakati huo unaweza kusaidia; kama kinga pekee hautoshi. Kwa fuko, wakulima wengi wa magharibi hupanda utupa, mmea uleule ambao wavuvi walitumia kulewesha samaki. Wapo wanaoapa kwamba fuko huhama, wapo waliomkuta akichimba katikati ya mistari yake. Kikapu cha waya kinachozikwa pamoja na mizizi ndicho cha uhakika zaidi, kwa miche michache yenye thamani, na kiwe na matundu yatakayoruhusu mizizi kupita.

Wanyama wa jamii ya nyani ndio mtihani. Hakuna ua wa kawaida wanaoshindwa kuupanda, hakuna sanamu wasiyoizoea kwa siku tatu, na wanajua tofauti kati ya mtu mwenye fimbo na mtoto aliyetumwa kulinda. Kinachowapunguza ni nafasi wazi: tumbili na kima hawapendi kuvuka mahali pasipo na mti wa kukimbilia. Ukanda wa mita kadhaa usio na matawi yanayoning'inia kati ya msitu na shamba husaidia zaidi ya waya. Serikali ilitumia wazo linalofanana na hilo kwa kiwango kikubwa ilipoanzisha maeneo ya chai ya Nyayo mwaka wa 1986 kandokando ya misitu ya nyanda za juu. Lengo kuu lilikuwa kuzuia watu wasiuingilie msitu, lakini chai haipendwi na wanyama wengi na haitoi pa kujificha nyani. Mfumo wa shamba, ambao siku hizi huitwa PELIS, unafanya kazi kwa sababu nyingine: wakulima wanaoruhusiwa kulima viazi na mahindi katikati ya miche ya serikali huwa shambani kila siku, na wanapolinda chakula chao hulinda miti pia. Mfumo huo umelaumiwa kwa mengi, na baadhi ya lawama ni za haki, lakini kwa suala hili moja sijui kinga iliyo bora kuliko binadamu aliye na viazi vyake hapo.

Ua wa umeme, kama ule unaozunguka Hifadhi ya Ziwa Nakuru au ule wa Msitu wa Eburru, ni kazi ya taasisi na si ya mkulima mmoja. Anayejaribu mfano wake mdogo ajue kwamba jani la nyasi linalogusa waya huvuja umeme hadi ardhini, kwa hiyo ua huo ni wa kufyekewa kila mara. Tena mshtuko hutegemea udongo kuurudisha umeme, na udongo mkavu hupitisha kidogo. Ua huwa hafifu zaidi katika kiangazi, yaani wakati ambao wanyama wanautaka mche zaidi.

Kuna pia mipaka ya sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 ina adhabu kali, kwa hiyo kitanzi kilichowekwa kwa ajili ya pongo ni kosa hata kikiwekwa ndani ya shamba lako. Sheria hiyohiyo inaruhusu fidia kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama walioorodheshwa, miongoni mwao tembo, nyati na kiboko. Nyani, tumbili na pongo hawamo katika orodha ya mazao, na hii ndiyo sababu mkulima wa kando ya msitu, ambaye adui zake ni hao hasa, huona sheria hiyo ikipita juu ya kichwa chake. Mwenye shamba kando ya Mlima Elgon aliyevamiwa na tembo anaweza kupeleka dai lake kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Mwenzake wa Njoro aliyepoteza miche 80 kwa tumbili anarudi kitaluni kununua mingine.

Linalobaki ni muda wa kuiondoa kinga, jambo linalosahauliwa mara tu mti unapoonekana kuwa salama. Dhidi ya wala majani, kinga hukaa hadi kilele kipite kimo cha mdomo mrefu zaidi wa mahali hapo, na machipukizi ya pembeni yanayobaki chini yaachwe yaliwe. Dhidi ya wabandua gome, hukaa hadi gome liwe gumu na la mabaka, jambo linaloweza kuchukua miaka zaidi. Lakini waya uliofungwa kwenye shina lenyewe huanza kuliuma shina linaponenepa, na ukiachwa misimu miwili zaidi ya mvua huzama ndani ya gome na kufanya kazi ileile ya nungunungu, mzunguko mzima. Mimi huipitia miparachichi yangu kila Novemba nikiwa na koleo mkononi: nyaya za miti iliyokua huzikata, huzinyoosha juu ya jiwe, na kuzivika miche mipya kabla kiangazi hakijaingia.